Kitanda cha Asiyefika

...si kwamba hataki kukitandika, shuka iko mikononi, imeshapigwa pasi, na kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, unarusha shuka, unachomeka pembe, unapiga mto makofi mawili, umemaliza, lakini kitanda hiki cha dirishani kina mwenyewe, mwenyewe alipiga simu asubuhi kutoka Leuven akasema anakuja kwa miguu, jioni atakuwa amefika, na mtu akisema anakuja... "Hidaya!" anaita Jérôme, msimamizi wa nyumba, kutoka chini, sauti inapanda ngazi pamoja na harufu ya supu, "Hidaya, kitanda cha dirishani, tunampa monsieur?", na monsieur mwenyewe huyu hapa, mzee mrefu wa Antwerpen, ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa chumba, buti kaziacha chini kwa adabu, mkoba kaubana kati ya magoti, hakupiga simu, hakumwambia mtu, ametokea tu, na desturi ya nyumba hii ya mahujaji ni moja na haina maneno mengi, aliyepiga simu hulindiwa kitanda mpaka supu iingie mezani, supu ikiingia naye hajaonekana, kitanda anapewa aliye mlangoni, na supu ndiyo hiyo inaingia, Alphonsine anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria jinsi agongavyo kila siku, na Hidaya, ambaye vyumba ndiyo kazi yake na neno la mwisho la vitanda ni lake, amesimama na shuka kifuani akitazama barabara ya Schaerbeek, mtaa wao huu wa Ubelgiji, kupitia dirishani, jua la Juni la huku hata jioni bado liko juu, tramu inapita, wanawake wawili wa Kituruki wanabishana juu ya tikiti maji, na hakuna mtu mwenye mkoba mgongoni, hakuna, labda yuko nyuma ya kona, labda malengelenge yamemchelewesha, watu wa Ulaya hawajui kufunga miguu yao, mpe dakika nyingine, dakika tu... leo kila mtu anataka jibu kwake, huyu jibu la kitanda, na tonton Shafii, ami yake mumewe, sasa hivi yumo ndani ya basi anatoka Evere, anakuja kuchukua jibu la hitima, ndiyo au hapana, Hidaya, Jumapili tumsomee Mansour hitima au tusimsomee, sheikh amekubali, kina mama wa pilau wamekubali, ukoo wote umekubali, amebaki mke, na bila neno la mke tonton hasomi, alisema hivyo mwenyewe, yeye ndiye aliyemlea Mansour tangu anatambaa lakini alisema mume ni wa mkewe, hatuwezi kumwingiza mtu edani kwa nguvu.

Alisema akikoroga chai ambayo hajaitia sukari, tonton wa watu, alikoroga na kukoroga, "Mutoto wangu, miye siye Mungu, sijui yote. Lakini Mwenze ameona. Mwaka umepita, bon, hakuna simu, hakuna muntu mwenye kusema nimemukuta fulani mahali fulani. Tumusomee. Uingie eda, utoke, uishi," na yeye akamjibu bila kuinua macho, "Mwenze ameona shati, tonton. Shati si muntu," na tonton akanywa ile chai chungu mpaka mwisho, maana ni kweli, Mwenze dereva wa malori wa Uvira, aliyefika Ubelgiji juzijuzi na habari zake, hakusema ameona uso, alisema walikuwa wakizika watu kando ya barabara ya Gatumba harakaharaka, na mmoja alivaa shati la kijani, mfukoni ana kitana cha kinyozi, sasa wewe niambie, ni vinyozi wangapi Buyenzi, ni mashati mangapi ya kijani, ilikuwa Idi imepita karibuni, mitumba ya kijani ilimwagwa sokoni mji mzima ukavaa kijani... ni yeye Hidaya aliyemchagulia lile shati, Mansour alilikataa, akasema litamfanya aonekane kama kasuku, akalivaa hivyohivyo, siku ile asubuhi vita vimeingia mtaani, watu wanakimbia Buyenzi na magodoro vichwani yeye analifunga vifungo kimoja kimoja, mkasi na kitana mfukoni, eti tukivuka mpaka tukafika Uvira watu watataka kunyolewa, wakimbizi huota ndevu, akacheka, alikuwa mtu wa kucheka pasipo pa kuchekea, na barabarani baada ya daraja akasimama, akasema mama, mama hakutoka, amebaki anachunga maharagwe yake motoni, ngoja nirudi, "Tangulia, nakufikia," neno lenyewe ndilo hilo, nakufikia, na yeye akatangulia, chupa ya chai mkononi, hata leo hajui kwa nini alibeba chupa ya chai tupu, akatembea, akageuka, akatembea, na alipofika Uvira miguu imevimba akamkuta mama mkwe ameketi juu ya gunia, majirani walimpakia kwenye gari kwa njia nyingine, amefika zamani, ana maharagwe yake ndani ya sufuria, anauliza, mwanangu yuko wapi?

"Madame, kama ni taabu ninaweza kulala hata chini," anasema mzee, Kifaransa chake kizito cha Kiflamandi, na Hidaya anajibu hapana monsieur, si taabu, kidogo tu, kidogo tu, na hasogei... kidogo tu, amezoea kulisema, wakati ule msichana wa Kijerumani alipokuja na mvua alisema kidogo tu, kidogo tu, kitanda kikakaa kitupu hadi asubuhi kikimngoja bwana mmoja aliyesema anatoka Tienen, na msichana akalala kwenye benchi la jikoni amejifunika koti, na yule bwana baadaye akapiga simu akicheka kwamba alipitiwa, alikaa na rafiki zake akanywa bia kisha akapanda treni mpaka Brugge, hujaji huyo, treni! Jérôme alikasirika kwa upole wake, akanyoosha kidole kisha akakirudisha, hawezi kumfokea mtu, akasema tu, Hidaya, kitanda ni cha aliyefika, na kumbe yule msichana aliondoka akiisifu nyumba kuliko wote, akasema hajapata kulala fofofo kama kwenye lile benchi, wakati mama wa Kiholanzi aliyelala kitanda kizuri kuliko vyote, godoro jipya, aliteremka asubuhi mdomo ameuvuta, hakupata lepe la usingizi, tramu, kengele za kanisa, choo kiko mbali, supu ina pilipili, na huyu mwanamke mweusi anayepita na viatu vya watu mikononi anavipeleka wapi? Alikuwa anavipeleka juani vikauke. Ndivyo walivyo, nyumba ni moja, supu ni moja, huyu anakushika mkono machozi yanamlenga anasema hapa ni peponi, mwenzake wa kitanda cha pili anakuuliza kama mna nyumba nyingine karibu, na mume na mke wa Liège waliogombana kutoka uani mpaka darini juu ya nani alipoteza ramani, wote kesho wanakwenda kulekule, Hispania, kwa mtume Yakobo, na wote, wenye kusifu na wenye kununa, wanatembea wakijua mbele kuna kitanda.

Hilo ndilo hakulijua siku ya kwanza, aibu iliyoje, siku ya kwanza kazini alifungua mlango akaona watu wanne wamejaa matope, mikoba mgongoni, midomo imepasuka, mmoja anachechemea, na moyo ukamlipuka, akawavuta ndani, akawapa mkate wake mwenyewe wa mchana, akapiga magoti akaanza kumfungua buti yule anayechechemea, akakimbilia jikoni machozi yanamtoka akamuuliza Alphonsine, hawa maskini wametoka vita gani, Bosnia? na Alphonsine, mama wa Bukavu asiyejua kucheka kidogo, alishika meza, akakaa chini kabisa, "Vita? Vita gani, Hidaya! Hakuna muntu anawafukuza, wanatembea juu ya kupenda tu, tu comprends? Nyumba iko, motokari iko, muntu anaamuka asubuhi anasema, bon, miye nitembee mpaka Espagne!" na akacheka mpaka akapaliwa, na Hidaya akacheka naye, alicheka kweli, halafu akaenda chumba cha mashuka akakaa juu ya kapu, na hasira aliyoisikia haikuwa na mwenyewe wa kuibeba, kwamba kuna watu duniani wanachagua malengelenge, wanapiga picha vidonda vyao, wanaulizana kwa furaha umetembea kutoka wapi... baadaye ilipoa, ni watu wema wengi wao, na wengine ukikaa nao wana maiti wao wanayembeba, mama mmoja alitembea na pete ya mumewe shingoni, kijana mmoja na jiwe kutoka kwao, hawasemi mpaka supu imewashuka, lakini kile kisa cha siku ya kwanza hakikumtoka mwilini, kila akisikia kengele ya mlango kwa jioni hizi za watu wa miguu kuna kitu ndani kinaruka, kinashuka ngazi mbio kabla yake, huenda ni... na anafungua, na ni Mjerumani. Na Bertin naye, Bertin mwenye saluni kule Galerie d'Ixelles, alimwambia, "Maman Hidaya, kiti iko. Bwana akifika tu, akuje, kazi iko," na kila akipita Matonge, mtaa huohuo wa saluni, kununua mihogo alikuwa akichungulia, kiti cha tatu kutoka mlangoni, kimefunikwa taulo, anaondoka na mihogo yake moyo mwepesi, mpaka Jumamosi iliyopita, taulo limeondolewa, kijana asiyemjua amesimama nyuma ya kile kiti anamkata mtu denge, na Bertin akainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwapo, asimtazame usoni. Wote wamekubali. Hata wa saluni.

Mzee anasema kitu. Alikuwa akisema tangu dakika ile, polepole, si kwa Hidaya hasa, kwa soksi zake, jinsi wazee wanavyosema baada ya njia ndefu, na yeye aliyasikia maneno nusunusu yakipita, sahani, mama yangu, ufagio, akaitikia oui, oui, macho barabarani, nyuma ya kona hakuna mtu, sasa anasikia, "...kaka yangu Lode, madame. Wakati wa vita Wajerumani walimchukua kwenda kufanya kazi viwandani kwao. Wengine walirudi, wakaja na kofia zao na njaa zao. Lode hakurudi," na Hidaya anajisemea ndani, usimsikilize, tandika au usitandike lakini usimsikilize, huyu ana wake na wewe una wako, tazama barabara, "mama akamwekea sahani. Kila siku, mezani, mpaka tumezoea, ukihama kiti unaangalia usikalie cha Lode. Padri alikuja mara mbili, akamwambia mama tumsomee misa, mama akamtoa na ufagio. Misa ni ya waliokufa, alisema, mwanangu yuko njiani," na mzee anacheka kidogo, anasugua goti, "tulimwogopa sana mama. Akafa, sisi tukaendelea hivyohivyo, kwa mazoea. Halafu dada zangu wakafa. Majira ya baridi nilikuwa nimekaa peke yangu nikawaza, wanaomkumbuka Lode nimebaki mimi tu, na hapo ndipo nilipogundua, madame, tangu alipotoka mlangoni hakuna mtu hata mmoja aliyemwombea. Hata mara moja. Sisi Wakatoliki, mishumaa ya bibi, nusura hata paka tumwashie mshumaa, lakini Lode... kwa hiyo nakwenda. Goti hili halifiki, najua, daktari amesema, lakini nakwenda," na chini vijiko vinagonga sahani, supu imeshaingia, Jérôme anaita tena, "Hidaya, alors?", na yeye anafungua mdomo kusema kidogo tu, na halisemi.

Hata mara moja... yeye anaomba, mzee asimlinganishe na mama wa sahani, yeye hajaacha swala hata moja, kwenye chumba cha mashuka kati ya kapu na ukuta, Jérôme mwenyewe alimhamishia rafu apate nafasi, na kila sujudu jina ni Mansour, ya Rabi mlinde, mfungulie njia, mpe maji, muepushe na watu wabaya, mfikishe... anamwombea miguu yake. Mwaka mzima anaiombea miguu. Na kama si miguu, kama ni lile shati, kama ni kando ya barabara ya Gatumba bila sanda, bila maji ya kuoshwa, bila mtu wa kusimama akasema Allahu akbar mara nne, basi zile dua zote zilikwenda wapi, zilimpita juu kwa juu zikitafuta mtu anayetembea, naye amelala chini anazisikia zinapita... mwalimu wa chuo pale Buyenzi aliwafundisha wakiwa wadogo wamepanga miguu kwenye mkeka, maiti amekatikiwa na kazi zake, hana mkono wala mguu, anangoja dua ya aliye hai, anaingoja kutoka kwa watu wake, akiipata hufurahi, na wao watoto walikuwa wakiogopa kuwa marehemu babu anawangoja usiku mzima wakajikaza kusoma Fatiha ili apumzike nao walale. Anangoja. Alidhani yeye ndiye anayengoja. Amekaa nchi ya watu na shuka na kengele ya mlango na kiti cha saluni anamngoja Mansour, akijiona mke mwaminifu kuliko wake wote, akiwachukia wote waliokubali, tonton, Mwenze na mdomo wake, na huenda Mansour ndiye anayemngoja yeye, mwaka na ushei, kimya, hana hata wa kucheka naye, anasema mke wangu atanisomea, ngoja afike, atakumbuka, na hasomi... Ya Allah. Na alimwambia tangulia nakufikia, na mtu akisema anakuja hana maana ya kudanganya, alikuwa anakuja, alikuwa anakuja kweli, hakukawia kwa bia ya rafiki, hakupanda treni, alikatizwa. Mama na maharagwe yake alikuwa ameshapita. Hakukuwa na mtu wa kumchukua ndani ya ile nyumba. Alirudi kufungua mlango wa nyumba tupu, na jambo hili, hili hasa, hajapata kuliacha lifike mwisho, kila mara alilisimamisha pale darajani mgongo wa kijani unapokwenda ukirudi mjini, sasa limefika mwisho lenyewe, dirisha liko wazi, wanawake wa Kituruki wameshapatana juu ya tikiti maji wanakwenda, na kifua kinamuuma kwa maumivu ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyebeba ndoo mbali.

"Kwa hiyo kila nyumba ninayolala," anasema mzee, "naomba nipewe jina. Ni desturi yetu wa njia hii. Mtu yeyote, hata si lazima awe wa dini yangu, nikimfikisha Lode nitawafikisha na wengine, mkoba hauongezeki uzito. Una jina, madame?" na anatoa kitambaa anajifuta shingo, hana haraka, na Hidaya anajikuta anataka kucheka, Mansour wa Buyenzi, kinyozi, mtoto wa msikitini, apelekwe Hispania na mguu wa Mflamandi kwa mtume Yakobo, angelicheka mwenyewe mpaka mkasi ukamponyoka, angeliuliza kama huyo mtume ana ndevu, "Mansour," anasema, na sauti ni yake lakini inatoka chini sana, "anaitwa Mansour. Ni mume wangu," na mzee anaitikia, Mansour, Mansour, vizuri, kisha anamtazama kwa mara ya kwanza, macho ya buluu yenye maji ya uzee, anauliza kwa upole wa mtu anayeuliza kama unakunywa chai au kahawa, "Na nimsemee nini? Walio hai nawaombea njia njema. Waliokufa nawaombea wapumzike. Yeye ni yupi?", na ngazi zinalia, labda ni Jérôme amechoka kuita anapanda, labda ni tonton amefika na kofia yake mkononi, labda ni wa Leuven, hata iwe nani, kitanda bado ni kitupu, shuka bado iko kifuani imeanza kukunjamana, na ulimi, ambao kila unapolitaja jina lile huongeza wenyewe Mungu amlinde, Mungu amlinde, tangu Uvira hadi hapa bila kuagizwa, unasema, "Mungu amrehemu," kwa Kiswahili, na mzee hajaelewa, ameinamisha sikio, anangoja, na inabidi aliseme tena kwa lugha yake, taratibu, neno kwa neno, "Apumzike. Mwombee apumzike," na mzee wa Antwerpen anaitikia kwa kichwa, anasema Mansour, apumzike, anarudia mara ya pili ili asije akasahau njiani, hajui kwamba yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.